Turubai banda zima? Hapana

Usizibe banda lote la kuku kwa turubai, mkuu, hata kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai. Ziba upande unakotokea upepo, kuanzia chini, na juu karibu na paa acha nafasi wazi ya kama futi moja. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anastahimili baridi kuliko unavyodhani. Kinachomwangusha ni unyevu na ile harufu kali ya amonia ya kinyesi kilicholowa: inachoma macho na koo, kisha mafua yanapata njia. Chuchumaa usawa wa kuku. Macho yakikuwasha, wao wameshateseka siku nyingi.

Maranda uliyotandaza sakafuni yapime kwa mkono: kamata ngumi moja, minya, achia. Yakibaki donge, toa hayo, weka makavu. Mara nyingi utakuta yamelowa chini ya vyombo vya maji tu, kwa hiyo pandisha vyombo vifike usawa wa mgongo wa kuku. Nafuga kuku wa mayai huku Makambako mwaka wa sita sasa, na mwanzoni hilo ndilo lilinitoa jasho, si baridi.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanataka nyuzijoto 32 hadi 35, hapo unaziba zaidi. Ila jiko la mkaa kwenye chumba kisichopitisha hewa linaua, wao na wewe unayeingia usiku kuwaangalia.