Dola 15 kwa saa, na bado anakopa

Tangu nigusie maisha ya Marekani kwenye safu hii, ujumbe haukatiki. Mengi ni malalamiko juu ya ndugu walioko huko. Nimeokota machache.

Dada, mdogo wangu yuko Ohio na mkewe na watoto wawili. Anafanya kazi ghalani, dola 15 kwa saa. Nikizipeleka kwenye shilingi napata kizunguzungu. Mbona kila nikimwomba hana? – Mama wa Tandika

Mama, usimnunie kwanza. Tupige hesabu. Saa 40 kwa wiki, wiki 52, asiumwe hata siku moja: dola 31,200 kwa mwaka. Sasa sikia hili. Mwaka 2024 serikali ya Marekani yenyewe iliweka kiwango cha umaskini cha familia ya watu wanne kuwa dola 31,200. Ni ile ile, hata senti haikuzidi. Kama mkewe hana kazi, basi mdogo wako amesimama kwenye mstari wenyewe wa umaskini.

Kwa mwezi ni dola 2,600. Makato ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, asilimia 7.65, yanaondoa karibu 200 kabla hajazishika. Tuseme kodi ya nyumba ni 1,200, gari na bima yake 500. Bado umeme, simu, chakula, viatu vya watoto vya baridi. Wewe umebadilisha mapato yake kuwa shilingi, lakini matumizi yake yako kwa dola.

Na huyo ana nafuu. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu Julai 2009, ingawa majimbo mengi yameweka cha juu zaidi. Wahudumu wa hoteli wanaotegemea bakshishi, sheria ya taifa inaruhusu walipwe 2.13 na mwajiri. Hiyo ni tangu 1991.

Maskini ana gari na friji? Akija Bunju tutamwita bosi.

Utacheka, lakini friji mara nyingi anaikuta kwenye nyumba ya kupanga, kama wewe unavyokuta koki ya maji. Gari ndiyo daladala yake. Sehemu nyingi basi ni la kuvizia, na ghala liko kando ya barabara kuu isiyo na hata njia ya miguu. Gari likigoma Jumatatu, kufika Ijumaa anaweza kuwa hana kazi.

Umaskini wa kule ukitaka kuuona, simama foleni ya supamaketi. Nilikuwa nyuma ya bibi mmoja mwenye kadi ya chakula ya serikali, ile wanayoiita EBT. Kuku wa kuchomwa, wa moto, akakataliwa: kadi hailipii chakula cha moto. Angekuwa wa baridi angepita. Sabuni nayo ikarudi, maana si chakula. Bibi akahesabu sarafu, akachukua sabuni, kuku akamwacha kwa keshia.

Huo mstari wa umaskini aliuchora nani?

Mollie Orshansky, mchumi wa idara ya hifadhi ya jamii, mwaka 1963 na 1964. Alichukua gharama ya mlo wa bei ya chini kabisa akazidisha kwa 3, kwa sababu uchunguzi wa 1955 ulionyesha familia ikitumia theluthi ya mapato kwenye chakula. Tangu hapo unapandishwa kufuata bei tu. Siku hizi kinachommaliza mtu ni nyumba, matibabu na malezi ya mtoto, lakini msingi wa hesabu bado ni sufuria ya wakati ule.

Taifa tajiri hivyo linashindwaje? Pesa hawana?

Wanazo. Asilimia 1 ya juu wanashika karibu asilimia 30 ya mali yote. Nusu nzima ya chini haifikishi asilimia 3.

Na kushindwa si neno langu, maana waliwahi kuweza. Julai hadi Desemba 2021 serikali ilituma kwa familia nyingi dola 250 kwa mwezi kwa kila mtoto, 300 kwa wa chini ya miaka 6, hata kwa mzazi asiye na kipato. Kwa kipimo kinachojumlisha misaada, umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2, haujawahi kuwa chini hivyo. Bunge likaacha mpango ufe. Mwaka 2022: asilimia 12.4. Watoto walikuwa wale wale na wazazi wale wale.

Nimepata nafasi ya kwenda. Niende?

Nenda. Ila uliza kodi ya nyumba ya mji huo kabla hujauliza mshahara. Na kiasi cha kutuma nyumbani mkubaliane kabla hujapanda ndege. Ukishafika, kila atakayekupigia simu atakuwa na kikokotoo mkononi.