Antivirusi ya kulipia kwa steshenari: subiri kwanza

Ndugu yangu wa Mwanga, Kigoma, nimekuelewa: kompyuta tatu za Windows 10, flashi za wateja zinageuza mafolda kuwa shotikati (vialama vya njia ya mkato), na muuzaji anakuhimiza ununue antivirusi. Usitoe hela bado. Defender, antivirusi iliyomo tayari ndani ya Windows, inatosha kwa kazi hiyo, mradi uisasishe.

Flashi ikichomekwa, iskani kabla ya kuifungua. Mafaili ya mteja kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

(E ni herufi ya flashi, angalia yako.) Kisha futa shotikati. Usizibofye, ndizo zinazoamsha kirusi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo Windows 10. Muda wake wa kawaida wa masasisho uliisha 14 Oktoba 2025, na antivirusi haizibi matundu ya usalama ya Windows. Kama mashine zinakubali Windows 11, hamia huko. Hela ya antivirusi nunulia diski ya nje ya kuhifadhia nakala, uichomoe kila ukimaliza. Na kreki (programu zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila kulipia) za fundi wa mtaani, hapana!

Mafaili yakigoma kufunguka na ujumbe wa kudai pesa ukatokea, kata intaneti, usilipe, tafuta mtaalamu.