Matetea kunyonyoka mgongoni: mwangalie jogoo kwanza

Dada wa Kayole, umeuliza kama matetea wako sita wa kienyeji wananyonyoka kwa sababu uliwaletea jogoo chotara wa shingo uchi. Hapana. Shingo uchi hurithiwa, na kifaranga huanguliwa akiwa hivyo; jogoo hawezi kumwambukiza tetea mzima. Ukitaka kujua vifaranga watatokaje, mtazame baba yao. Akiwa na kishungi cha manyoya mbele ya shingo, karibu nusu ya watoto watakuwa shingo uchi. Kama shingo ni tupu kabisa, tarajia wote.

Shida yako ni uzito wake. Umesema ngozi imebaki wazi mgongoni na kisogoni: hapo ndipo jogoo hukanyaga na kushika kwa mdomo anapopanda. Mtenge wiki kadhaa, mpunguze kucha, na ukimrudisha uwe na matetea wanane hadi kumi. Sita kwa jogoo mzito ni wachache mno, nawaonea huruma.

Usiku pia mulika tochi kwenye fito wanazolalia na kwenye nyufa za mbao. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana, hutoka gizani kunyonya damu. Ukiwakuta, tibu banda zima, si kuku pekee.

Manyoya karibu yote ni protini, kwa hivyo waongezee omena iliyosagwa. Mwenye kidonda mtenge upesi, la sivyo wenzake watamdonoa. Manyoya yaliyong'oka kabisa huota baada ya wiki chache. Yaliyokatikia njiani husubiri mpaka kuku abadilishe manyoya.