Shangazi, nitajuaje kama najidanganya?

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 34. Nanunua dagaa wabichi mwaloni Kirumba, naanika, napeleka Dodoma. Mwaka huu nimekula hasara mara tatu: mvua, dereva, mteja aliyeingia mitini na hela. Mke wangu anasema tatizo ni mimi, najiona najua kupima mambo kuliko ninavyojua. Imeniuma, maana wenzangu huja kwangu kuomba ushauri. Nani mkweli? – Baba wa Wawili, Mwanza*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hasara.

Mimi nimeganda kwenye ile mvua. Dagaa wa mchangani wakinyeshewa wanaoza, mtoto yeyote wa mwaloni anajua. Asubuhi ile unalipia ndoo, ulikuwa umeiwazia mvua, au uliikumbuka baada ya kuloa?

Mwaka 1999, Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi mtihani wa mantiki, kisha wakawauliza kila mmoja anadhani amewapita wenzake wangapi. Robo ya wanafunzi, wale walioshika mkia, walikuwa wamewapita kama 12 tu katika kila 100. Wenyewe walidhani wamewapita zaidi ya 60! Haikuwa kiburi, mwanangu. Akili ya kuliona kosa ndiyo ile ile ya kuliepuka. Asiyekuwa nayo hana cha kumshtua. Wapo wataalamu wanaosema sehemu ya pengo lile ni matokeo ya namna hesabu zilivyopigwa, lakini jambo moja linanipa moyo: walipofundishwa mantiki kidogo, wale wa mkiani walianza kujipima vizuri zaidi.

Kwa hiyo sisemi mkeo amepatia. Nasema ile hali ya kujiona una uhakika haithibitishi kitu, hata kwangu mimi. Na hao wanaokuja kwako kuomba ushauri, wangapi walirudi kukueleza yalivyowaendea?

Nunua daftari. Giza likiingia, yaani zile siku za usiku usio na mbalamwezi, na dagaa wakianza kushuka bei, kabla hujatoa hata shilingi, andika: ndoo ngapi, bei gani, utauza lini, kwa nani, na nini kinaweza kuharibu. Kisha kaa na mkeo umweleze safari nzima ya mzigo, kuanzia mchangani hadi hela kurudi mkononi, bila kuruka hatua. Ukijisikia unasema "hapo nitajua mwenyewe", piga mstari mwekundu. Ukurasa huo usiuguse tena mpaka mzigo uishe.

Mkeo naye aandike ubashiri wake ukurasa wa pili, siku hiyo hiyo, maana naye hajapimwa bado. Fanyeni hivyo giza tatu, kisha mniandikie wote wawili.