Diski ni GB 40, df bado inasoma 20

Ndugu, hujaharibu kitu. Umeongeza diski ya seva yako ya Linux kutoka GB 20 hadi 40, ila df -h (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) haijabadilika kwa sababu umepanua kiwanja tu, kuta, yaani patisheni (kipande cha diski) na mfumo wa faili ulio ndani yake, bado ziko palepale.

Chukua bakapu kwanza, kisha endesha lsblk, inayoorodhesha diski na patisheni zake. Kama sda ni 40G lakini sda3 imebaki na ukubwa wa zamani, na ndiyo patisheni ya mwisho, andika growpart /dev/sda 3 ili kuipanua. Angalia huo mwanya kati ya sda na 3. Mimi umenipotezea nusu saa zaidi ya mara moja. Growpart ikigoma kwa kukosa nafasi, / (mzizi wa mfumo wa faili) imejaa kiasi kwamba hata /tmp haiandikiki: futa logi za zamani, urudie.

Unatumia LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski kwa volyumu)? Ongeza pvresize /dev/sda3, halafu lvextend -l +100%FREE pamoja na njia ya volyumu yako.

Bado mfumo wa faili. df -T itakwambia ni upi: ext4 hutumia resize2fs, XFS hutumia xfs_growfs /. Ukiona "Bad magic number" usishtuke, umempa XFS dawa ya ext4. Yote haya hufanyika seva ikiwa inaendelea na kazi.