Ndizi zangu zilimwagwa mtaroni, kura siendi tena

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni muuza matunda hapa Kisauni, Mombasa, nina miaka 49. Mwaka 2005, kwenye ile kura ya maoni ya katiba mpya ya Kenya, Ndizi kwa Ndiyo na Chungwa kwa La, nilipiga Ndizi. Sababu yangu ilikuwa moja tu. Niliambiwa katiba ile ingempa mtoto wa kike haki ya kurithi shamba, na babangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alishatangulia zamani. Shamba la Kaloleni kaka zangu watatu wakagawana, mimi nikapewa pole.

Kura yangu sikumwambia mtu. Lakini Bibi, utauzaje machungwa bila ndizi? Siku tatu kabla ya kura vijana walipita mezani kwangu, wakamwaga mikungu miwili mtaroni wakiniita msaliti. Jirani yangu wa meza, tuliyekuwa tukiachiana watoto, akacheka. Basi tukashindwa, shamba sikupata, na jirani yule hatujasemezana sawasawa hadi leo. Tangu hapo sijapiga kura yoyote. Sasa binti yangu ametimiza miaka 18, ananisumbua twende tukajiandikishe sote, na anasema kuna watu wanazungumzia tena kubadilisha katiba. Kadi yangu ya 2005 bado ninayo sandukuni. Nimwambie nini?
Muuza Matunda, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa mikungu yako, hata kama ni pole ya miaka mingi.

Mwaka ule nilikuwa karani wa kituo, kwenye darasa la shule ya msingi upande wa Likoni. Kazi yangu ilikuwa kuchovya vidole vya watu kwenye wino. Asubuhi aliingia mzee mmoja na kofia yake na bakora, akauliza kwa sauti iliyosikika hadi kwenye foleni: "Kwenye ardhi nataka ndizi, kwenye madaraka ya rais nataka chungwa. Nitie wapi?" Msimamizi akamjibu kuwa alama ni moja tu, mzee wangu. Akaenda kibandani, akakaa huko mpaka watu wakaanza kunung'unika. Usiku tukihesabu kwa karabai tukakuta karatasi yenye alama mbili, moja kwa kila tunda. Tukaiweka kwenye zilizoharibika. Siwezi kuapa kuwa ilikuwa yake, kura ni siri. Ila nimeifikiria karatasi ile kuliko zote nilizowahi kuhesabu.

Maana tuliulizwa mambo mia kwa swali moja. Ndani ya rasimu ile mlikuwa na ardhi, mlikuwa na kadhi, mlikuwa na waziri mkuu na nguvu za rais, na vyote ukivikubali unakubali pamoja. Tume ya uchaguzi ya Samuel Kivuitu ilichagua matunda ili asiyejua kusoma asipotee, nayo nia ilikuwa njema. Lakini Rais Kibaki akasimama na Ndizi, Raila Odinga na mawaziri wengine wa serikali hiyohiyo wakasimama na Chungwa, na mara tunda likawa kabila na likawa mtu. Vijana waliomwaga mikungu yako hawakuwa na haja ya kujua umependa ibara gani.

Na usidhani walioshinda walikula hayo machungwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, nakiri leo. Asilimia 58 tulisema La, na hapa Pwani tulisema kwa kishindo. Wengi wetu tulikuwa tukiitaka rasimu ya Bomas, ile iliyojadiliwa na wajumbe zaidi ya 600 kabla wabunge hawajaigeuza kule Kilifi na Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaitoa ilivyotoka. Lakini Bomas haikuwa kwenye karatasi. Tulipoikataa ya Wako tulibaki na katiba kuukuu ileile. Siku mbili baadaye Kibaki akalivunja baraza la mawaziri, Chungwa likageuka chama, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wakafa watu zaidi ya 1,100. Jirani yako aliyecheka, siku moja muulize alipata nini. Muulize kwa upole, huenda naye anangoja kuulizwa.

Sasa nikuambie jambo ambalo litakuuma. Kama babako hakuwa Mwislamu (sisi mirathi yetu iko kwa kadhi) na kama shamba lilikuwa na hati kwa jina lake, hukuhitaji Ndizi wala Chungwa. Sheria ya Urithi inatumika tangu 1981, nayo inasema mali ya marehemu asiyeacha wosia wala mjane wanagawana watoto wake sawa kwa sawa. Haitaji wa kiume wala wa kike. Mikungu yako ilimwagwa kwa ajili ya haki uliyokuwa nayo tayari, na katika kampeni ile yote, upande wako na upande wangu, hakutokea hata mmoja wa kukuambia. Hilo ndilo linalonikasirisha mimi, kuliko kushindwa kwenu.

Tarehe 4 Agosti 2010, ukiwa nyumbani, tukapiga nyingine ya katiba, Kijani kwa Ndiyo na Nyekundu kwa La. Safari hii Kibaki na Raila walikuwa pamoja, na William Ruto, aliyekuwa Chungwa na Raila, akaongoza Nyekundu. Kijani ikapata asilimia 67. Ibara ya 60 ya katiba hiyo inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Ulilolipigia kura 2005 likaja, wewe hukuwepo.

Kuhusu hayo mabadiliko ya sasa, mwambie binti asiwe na haraka ya kuchagua upande. Ile BBI, mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila wa kubadilisha katiba, Mahakama ya Juu iliizima Machi 2022, ikisema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa wananchi. Wakileta nyingine, naye aombe kitabu chenyewe asome, asikubali kusimuliwa jukwaani. Wewe ukienda kupiga au usipoenda, sitakulaumu. Mimi nitaenda, nimezoea.

Kadi yako ya 2005 haifanyi kazi tena. Daftari la wapiga kura lilianzwa upya mara mbili, kabla ya kura ya 2010 na tena mwaka 2012 walipoanza kuchukua alama za vidole. Mkitaka kujiandikisha, nendeni na vitambulisho vyenu ofisi ya tume ya eneobunge lenu. Lakini kabla ya hapo pitia kortini, uliza kama kaka zako waliwahi kufungua mirathi ya babako. Kama hawakufungua, bado hawajagawana kitu mbele ya sheria. Chukua cheti cha kifo, chukua na namba ya shamba, na ufike mapema, foleni ya pale naijua.