Kundi la Kujifunza Kudhibiti Hisia ni Darasa, Si Baraza

Msomaji mmoja ameandika kwa uchungu. Alijiunga na kundi la kujifunza kudhibiti hisia, akahudhuria vikao viwili, akaacha. Anasema kila alipoanza kueleza yaliyomsibu, mwezeshaji alimkatiza kwa upole na kumrudisha kwenye kazi ya nyumbani. Alikwenda kusikilizwa, akajikuta anafundishwa.

Ndugu msomaji, hukuonewa. Ulibisha hodi mlango wa darasa ukidhani ni baraza.

Mfumo unaofuatwa na makundi mengi ya namna hii unatokana na tiba ya kisaikolojia iitwayo DBT (kifupi cha Kiingereza cha Dialectical Behavior Therapy), iliyobuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1993. Katika tiba hiyo historia yako ina mahali pake, nayo ni mazungumzo ya faragha kati yako na mtaalamu. Kundi lina kazi nyingine: kufundisha stadi za kuituliza akili, kustahimili dhiki bila kuiongeza, kudhibiti hisia, na kuelewana na watu. Mnakutana mara moja kwa wiki kwa muda wa saa mbili hadi mbili na nusu. Kuzimaliza stadi zote huchukua takriban wiki 24, na wengi huzirudia tangu mwanzo, mwaka ukatimia.

Hesabu mwenyewe. Kundi la watu wanane lina kama saa moja ya kupitia kazi za nyumbani. Toa dakika chache za zoezi la utulivu la kufungulia kikao, na kila mtu anabaki na dakika sita au saba. Mmoja akisimulia kwa nusu saa, wanne hawapati nafasi. Tena simulizi za maumivu huambukiza. Ndiyo maana ni mwiko kueleza kwa undani jinsi ulivyojidhuru: aliyeketi kando yako huenda amekaa wiki tatu tu bila kujidhuru, na maneno yako yanaweza kumrudisha alikotoka.

Kitu kinachowafukuza watu zaidi ya yote ni aibu ya kuja bila kazi ya nyumbani. Mwezeshaji anayejua kazi yake hakuaibishi, ila hakuachii pia. Anauliza maswali manne kwa mpangilio. Ulijua umepewa kazi gani? Kama ulijua, ulikuwa tayari kuifanya? Kama ulikuwa tayari, ilikujia akilini wakati wake? Kama ilikujia, ni nini kilichokuzuia? Jibu la "hapana" likipatikana, mnaishia hapo na kutatua tatizo hilo. Aliyesahau anahitaji kengele ya simu, na hotuba kuhusu kujituma haitamsaidia kitu.

Kadi ya kila siku nayo ina mtego. Unaandika ukali wa kila hisia, kuanzia 0 hadi 5, pamoja na stadi uliyoitumia. Ijaze usiku, kabla ya kulala. Wengi huijaza yote ya siku saba wakiwa njiani kwenda kikaoni, na matokeo yake ni kadi inayoeleza hali yao ya asubuhi hiyo. Ukiamka na huzuni, wiki nzima itaonekana ilikuwa ya huzuni.

Stadi inayoharibiwa zaidi ni ile ya maji baridi, inayotumika pale hisia zimepanda kiasi kwamba huwezi kufikiri. Watu hunawa uso wakiwa wamesimama, kisha wanalalamika kwamba haifanyi kazi. Haiwezi kufanya kazi hivyo. Jaza beseni maji baridi, yasiwe chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Inama, zuia pumzi, zamisha uso hadi maji yafunike macho na sehemu ya juu ya mashavu, na ukae hivyo hadi sekunde 30. Mwili huchukulia kwamba umepiga mbizi na kupunguza mapigo ya moyo. Huna beseni? Funga barafu kwenye kitambaa chembamba, weka juu ya macho na mashavu, inama, zuia pumzi. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapigo ya polepole au tatizo kubwa la ulaji, na anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, asijaribu kabla ya kumuuliza daktari.

Nafuu hiyo ni ya dakika chache tu. Ukirudi palepale kuusoma upya ujumbe uliokukasirisha, umefanya kazi bure. Ingia kwenye pumzi: vuta kwa sekunde 5, toa kwa sekunde 7, ndiyo mizunguko mitano kwa dakika. Jizoeze ukiwa mtulivu, mara mbili kwa siku. Hakuna anayejifunza kuogelea siku anayozama.

Kutenda kinyume cha msukumo wa hisia ni rahisi kueleza: hofu inataka ukimbie, unasogea, huzuni inataka ulale, unainuka. Makosa yake ni mawili. La kwanza ni kutouliza kama hisia inalingana na hali halisi. Ukiogopa gari linalokujia kwa kasi, kimbia. La pili ni kufanya nusunusu: unakwenda kwenye mkusanyiko unaouogopa, unakaa kona, macho kwenye simu saa nzima. Mwili ulikuwepo, lakini hofu haikujifunza chochote.

Halafu kuna hasira inayozuka ndani ya chumba chenyewe, kwa sababu fulani anaongea mno au mwezeshaji amekukatiza. Hapo ndipo mahali bora pa mazoezi, na ndipo wengi wanapochukua mikoba yao wakaondoka. Kandamiza nyayo sakafuni. Sema kwa sauti ya kawaida, "Nina hasira, 4 kati ya 5." Ukishindwa kukaa, aga, toka dakika tano, rudi. Makundi mengi yana wawezeshaji wawili: mmoja anafundisha, mwenzake anaangalia watu, na huyo wa pili ndiye wa kumwonyesha ishara.

Katika utaratibu wa DBT, anayekosa vikao vinne mfululizo hupoteza nafasi yake. Hesabu vyako. Kama hujafika vinne, mpigie mwezeshaji kabla ya kikao kijacho, mweleze kilichokuondoa, kisha uende na kadi yako hata kama umejaza siku moja tu. Na ujiandae kwa lile swali la kwanza: ulijua umepewa kazi gani?